Gundi ya ndege za plastiki: bawa limebanduka, kioo kimeweka ukungu, nitumie ipi?

bawa72

Wakuu, habari za kazi. Nipo Dar, naunda modeli ya plastiki ya Spitfire, ndege ya kivita, ya kipimo cha 1/72 (imepunguzwa mara 72). Mpaka sasa gundi yangu ni moja tu: supaglu ya dukani, zile tyubu ndogo za gramu 3.

Bawa la kushoto limebanduka kwenye shina lake, pale linapoungana na mwili. Ndege ilianguka kutoka juu ya kitabu kwenda mezani, sentimita tano hivi, bawa likaachia lote kwa mkupuo na gundi imebaki upande mmoja kama ganda jembamba la kioo. Kioo cha rubani nacho kimeweka ukungu mweupe pembezoni, ndani na nje. Halafu tyubu zenyewe: nikishafungua, baada ya siku chache imekuwa jiwe.

Nina pia vipande vidogo vya shaba vya chumba cha rubani (mikanda na ubao wa saa) na kiti cha rubani cha resini, bado sijavigusa. Nimeambiwa gundi ya mabomba ya PVC ndiyo ileile ya modeli ila bei chee. Ni kweli? Na bawa naweza kulirudishia bila kubomoa kila kitu? Naomba vipimo na muda, siyo "weka kidogo subiri ikauke".

msasa400

Mkuu, supaglu siyo mbovu, umeipa kazi isiyo yake. Plastiki ya modeli nyingi ni polistaireni, na polistaireni huungwa kwa kuyeyushwa. Gundi yake hasa ni kiyeyushi: kinalainisha nyuso mbili, plastiki ya huku inachanganyika na ya kule, kisha kiyeyushi kinapaa na kuacha kitu kimoja. Mshono ukikauka vizuri, ukilazimisha utavunja plastiki ya pembeni kabla mshono haujaachia. Supaglu yenyewe inakaa katikati kama ukoko. Ukiivuta wima inashika kwelikweli, ukiipiga au ukiibandua kwa ubavu inakatika, kwa sababu haina unyumbufu. Shina la bawa linapigwa na kupindwa kila ukishika ndege, kwa hiyo lilikuwa linasubiri siku yake tu.

Gundi ya kiyeyushi iko ya aina mbili, na mwenye kuunda ndege anahitaji zote. Ya kwanza ni nyepesi kama maji, mfano Tamiya Extra Thin yenye kifuniko cha kijani na brashi ndani yake. Hiyo ni asetoni na butili asetati, haina kingine cha maana. Ya pili ni nzito kidogo kwa sababu imeyeyushiwa plastiki ndani: Tamiya Cement ya kawaida, au Revell Contacta Professional yenye sindano ndefu ya chuma.

Nyepesi haipakwi kabla. Unakutanisha vipande vikavu kwanza, unavishika vikae sawasawa, ndipo unagusa mshono kwa ncha ya brashi kwa sekunde moja. Utaiona inakimbia yenyewe ndani ya ufa, sentimita moja au mbili kwa mguso. Sogea, gusa tena. Baada ya nusu dakika bana vipande taratibu mpaka uzi mwembamba wa plastiki laini utokeze juu ya mshono, mnene kama uzi wa kushonea. Uzi huo ndio ushahidi kwamba pande zote mbili zimeyeyuka. Usiufute! Ukiufuta ukiwa laini unachimba mfereji. Uache saa 24, kisha uukwangue kwa mgongo wa kisu na umalizie kwa msasa wa maji namba 600, halafu 1000.

Kuna kosa moja wanalolifanya karibu wote. Kidole kisikae juu ya mshono unapogusa kwa brashi. Gundi itakimbia mpaka chini ya kidole, na ukiinua mkono alama zako za vidole zimechapwa kwenye bawa, mistari yote inasomeka. Tepu ni vilevile: inaingia chini yake na kula plastiki kwa siri. Weka vipande vya tepu kukatisha mshono kila baada ya sentimita tatu, gusa brashi katikati ya tepu na tepu, ikishashika toa tepu umalizie mapengo.

Nzito unaitumia pale unapohitaji muda: nusu mbili za mwili wa ndege, au bawa la juu na la chini. Paka nyuzi nyembamba pande zote mbili, ngoja sekunde 20 mpaka 30, paka tena upande mmoja, funga. Una kama dakika moja ya kurekebisha.

Ukizidisha gundi, hasa kwenye ukingo wa nyuma wa bawa ambako plastiki ni nyembamba, kiyeyushi kinabaki kimenaswa ndani kwa siku kadhaa. Unapiga msasa leo, mshono haupo. Wiki ijayo, rangi ikiwa juu, plastiki imeendelea kusinyaa na mshono umerudi kama kovu. Ndiyo maana mshono mrefu naupa saa 48 kabla ya msasa, hata kama juu unaonekana mkavu.

Sasa bawa lako. Kiyeyushi hakipenyi mabaki ya supaglu, kwa hiyo usikimwage juu yake ukitegemea kitashika. Usitumie asetoni kusafisha hapo, itakula plastiki kabla ya gundi. Kwangua ganda lote kwa kisu chenye ncha, pande zote mbili, kisha msasa wa 400 mpaka uone rangi halisi ya plastiki. Kama sehemu nyingine za shina bado zimeshikwa na supaglu, iweke ndege kwenye friza saa moja au mbili ndani ya mfuko uliofungwa. Baridi inaifanya supaglu iwe dhaifu zaidi, utalizungusha bawa taratibu na litaachia. Jaribu likavu, angalia pembe ya bawa kutoka mbele, likae kwenye vitabu viwili vya urefu sawa. Ndipo tumia nzito kwenye shina, na kesho yake pitisha nyepesi kuzunguka mshono.

Kama sehemu ina rangi, rangi itoke kwanza kwenye nyuso zinazokutana. Vivyo hivyo kwa vipande vilivyopakwa kromu: kiyeyushi kinashika kromu, na kromu haijashika plastiki. Loweka kwenye jiki, kromu itatoka yenyewe.

Kibano

Naongezea kwenye kioo, shaba na resini, maana hapo kiyeyushi hakikusaidii.

Ukungu unatokana na mvuke wa supaglu. Kabla haijaganda inatoa mvuke, mvuke unakutana na unyevu wa hewa na kugeuka unga mweupe unaotua jirani, hasa kwenye nafasi iliyofungwa. Chumba cha rubani kikifunikwa na kioo ni chungu chenye mfuniko: mvuke hauna pa kwenda. Ukiweka nyingi, ukungu ni mwingi. Dar yenye joto na unyevu inaharakisha kila kitu.

Kwa kioo tumia gundi nyeupe ya mbao, ileile ya mafundi seremala. Chukua kwa kijiti cha kuchokolea meno, chora mstari mwembamba kwenye ukingo, kalisha kioo, futa iliyozidi kwa kitambaa chenye maji. Inakauka na kuwa angavu, haitoi mvuke wa kuharibu, na ukikosea unailoweka unaanza upya. Haishiki kama kiyeyushi, lakini kioo hakibebi mzigo wowote. Ipe saa 12. Gundi hiyohiyo inatengeneza vidirisha vidogo: chovya kijiti, zungusha kwenye tundu lisilozidi milimita 4 au 5 mpaka utando ushike, uache ukauke.

Kuhusu kioo chako chenye ukungu, wa nje unatoka. Msasa wa maji 2000, kisha 4000 kama unaupata, halafu dawa ya meno nyeupe ya kawaida (isiwe ya jeli) kwenye kitambaa laini, duara ndogondogo, dakika tano. Wa ndani ni lazima ukitoe kioo. Kwa kuwa kimeshikwa na supaglu, friza tena, kisha ncha ya wembe kidogo kidogo kuanzia kona ya nyuma. Kioo cha polistaireni ni kigumu na kinapasuka upesi, usikikunje.

Shaba sasa. Hapo supaglu ndiyo mahali pake. Kata kipande kwenye fremu yake juu ya kigae au kioo kigumu kisipinde, futa mafuta ya vidole kwa spiriti, kwaruza mgongo kwa msasa wa 1000. Usiweke gundi kutoka kwenye tyubu moja kwa moja! Dondosha tone moja kwenye kipande cha plastiki laini, chukua sindano ya kushonea, kata juu ya tundu lake ibaki uma mdogo, uchomeke kwenye kijiti. Uma huo unabeba tone dogo kuliko kichwa cha pini na unaliachia ukigusa. Tone hilo linatosha ubao wa saa mzima. Supaglu ina nguvu ikiwa nyembamba kuliko karatasi, ukijaza inachelewa kuganda katikati na ndipo mvuke unapozidi. Kwa vipande vinavyohitaji kusogezwa tumia ya jeli, inakupa sekunde 10 hadi 20. Mikanda ya kiti haihitaji hata hiyo, gundi nyeupe inatosha.

Kiti cha resini osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, mswaki wa zamani, kwa sababu kinatoka kwenye kalibu kikiwa na mafuta na gundi yoyote itateleza. Ukipiga msasa, piga na maji na uvae barakoa, vumbi la resini ni baya kwa mapafu. Supaglu au epoksi (gundi ya tyubu mbili, gundi na kigandishi, unazozichanganya), basi. Kiyeyushi hakiigusi resini kabisa.

Kuhusu tyubu kuwa jiwe: supaglu inagandishwa na unyevu. Tyubu isiyofunguliwa iweke kwenye friji. Iliyofunguliwa, futa mdomo kwa karatasi kavu, funika, iweke wima ndani ya kopo lisilopitisha hewa pamoja na vile vifuko vya chembechembe vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, na ikae nje ya friji. Na iliyotoka friji isifunguliwe mpaka iwe na joto la chumba, la sivyo umande unaingia ndani na umeiua mwenyewe.

injini_ndogo

Mkuu usihangaike, supaglu na baikaboneti ya soda inamaliza yote. Jaza ufa kwa unga, dondosha gundi, sekunde mbili jiwe. Bawa halitoki tena. Na ile ya PVC mimi naona inashika plastiki bila shida.

msasa400

injini_ndogo, soda inafanya kazi ya kujaza pengo, nakubali, na kwa tundu kubwa la resini ni nzuri. Lakini kwenye bawa la polistaireni inakuachia mstari mgumu kuliko plastiki ya pembeni. Ukipiga msasa unakula plastiki, mstari unabaki umeinuka. Mwenye kutaka kujaza kwa supaglu achanganye na poda ya mtoto, ile ya talki, mpaka iwe kama uji mzito. Inaganda taratibu na inasagika kwa msasa vizuri zaidi, ila ifanyie kazi ndani ya saa moja au mbili kabla haijakomaa.

Kwa ufa wa polistaireni kuna njia bora na ya bure. Katakata fremu iliyobaki ya seti yako (vile vijiti vya plastiki vilivyoshikilia vipande) vipande vya milimita 2, jaza robo ya chupa ndogo ya kioo, mimina gundi nyepesi ifunike, funga, ngoja siku moja. Unapata uji wa plastiki ileile ya ndege yako, rangi ileile, ugumu uleule. Paka kwa kijiti, acha saa 24 au 48, piga msasa. Hautatofautisha.

thina_na_brashi

Gundi ya PVC nalizungumzia mimi. Nyingi zina viyeyushi vikali (THF, yaani tetrahidrofurani, na mara nyingi ketoni) pamoja na PVC iliyoyeyushwa ndani. Polistaireni itayeyuka, ndiyo, ndiyo maana injini_ndogo anaona inashika. Shida ni mbili. Imetengenezwa kwa bomba lenye unene wa milimita kadhaa, bawa la 1/72 lina unene wa milimita moja au pungufu, litapinda kama mshumaa juani. Na ile PVC inabaki juu kama kamasi isiyokwanguka vizuri. Kwa kushikiza sehemu nene ndani ya mwili, pasipoonekana, sawa. Kwa nje, hapana.

Asetoni tupu ya kuondolea rangi ya kucha nayo wengi huijaribu. Inapaa haraka mno: inachubua uso na kuufanya mweupe kabla haijaunga. Kwenye gundi ya modeli butili asetati ndiyo inayopaa taratibu na kuipa plastiki muda wa kuchanganyika. Thina ya rangi za magari ina mchanganyiko unaotofautiana kopo kwa kopo. Kama huna lingine, ijaribu kwanza kwenye fremu: unga vipande viwili, ngoja saa 24, vunja. Ikivunjika nje ya mshono bila kugeuka nyeupe, inafaa kwa mishono ya ndani.

Gundi za kiyeyushi zinashika moto kwa urahisi, kwa hiyo kuziagiza kwa ndege kama kifurushi cha kawaida mara nyingi hukwama. Panga kuagiza na wenzako mzigo wa meli. Chupa ya mililita 40 inatosha ndege nyingi sana kama hauiachi wazi. Inayopotea si unayopaka, ni inayopaa. Na inapopaa inapanda kichwani mwako: dirisha wazi, feni ikivuta kutoka kwako, jiko na sigara mbali. Watoto wasikae na chupa hizo chumbani.

Chupa ikimwagika juu ya modeli, mkono usiende na kitambaa. Iache, isiguswe, ikauke yenyewe siku nzima. Uso utakuwa na mawimbi madogo, msasa utayatoa. Ukifuta, umeipaka.

mtepe

Natumia uzi huuhuu, samahani bawa72. Ninyi wa plastiki mmeeleza vizuri. Kwa anayeunda jahazi la mbao la kuonyesha, la sentimita 40 hivi, mbao za ubavuni za milimita 1 kwa 4, gundi iwe ipi? Mbao ni mabaki ya msaji kutoka karakana.

Kibano

mtepe, gundi nyeupe ya mbao kwa karibu kila kitu. Ila msaji una mafuta yake ya asili, na mafuta hayo yanaikataa gundi. Futa uso wa kuungwa kwa kitambaa chenye asetoni, subiri dakika mbili tatu ipae, gandisha papo hapo, kwa sababu mafuta yanarudi juu ukichelewa.

Ubao uloweke kwenye maji ya moto dakika 15 mpaka 20, uzungushe kwenye mbavu, ubane na vibanio vya nguo, na uuache ukauke umbo hilo usiku kucha bila gundi. Ukiupaka gundi ukiwa umelowa, maji yanaipunguza nguvu na ubao unasinyaa ukiacha nyufa. Ukishakauka, paka gundi nyeupe kwenye kila ubavu na kwenye ukingo wa ubao uliotangulia. Mahali pasipoingia kibanio, acha nafasi ya milimita 3 kwenye ncha na weka tone la supaglu hapo. Supaglu inashika sekunde kumi na kuwa kibanio chako, gundi nyeupe inakomaa kwa saa 24 chini ya ulinzi wake. Angalia isisambae: supaglu ikinywewa na mbao, sehemu hiyo haitapokea vanishi kama jirani yake na doa halitoki.

Iliyotokeza ifute papo hapo kwa kitambaa chenye unyevu. Fundo za kamba zipake gundi nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, inanywewa, inakauka isionekane. Na supaglu usiikaribishe kwenye tanga la pamba wala pamba yoyote. Inapokutana na pamba inaganda kwa kasi na kutoa joto kali, inaweza kuunguza kidole na hata kufuka moshi.

Kama jahazi litaelea majini, gundi nyeupe ya kawaida italainika. Tafuta iliyoandikwa D3 au D4 kwenye kopo (ni madaraja ya kuhimili maji ya EN 204), au tumia epoksi ya muda mrefu.

thina_na_brashi

Kwenye epoksi: vipimo vifuate maelezo ya tyubu (nyingi za tyubu mbili ni sawa kwa ujazo), na kipimo kidogo ndicho kinachodanganya. Chukua mabomba mawili ya sindano ya mililita 1, bila sindano, moja kwa kila tyubu, uyaandike na usiyabadilishe. Koroga dakika nzima ukikwangua pembeni. Kuongeza kigandishi hakuiharakishi, kunaiacha laini kama raba milele. Ile ya dakika 5 inageuka njano baada ya muda, kwa hiyo isikae penye kioo au rangi nyeupe. Kwa miguu ya magurudumu ya chuma, bawa72, hiyo ndiyo ya kutumia, kwa sababu inajaza tundu na kuvumilia mshtuko.

bawa72

Ahsanteni sana wakuu. Nimekwangua shina mpaka plastiki, bawa limekaa kavu bila ufa wa kuonekana. Swali la mwisho: nikitumia nzito kwenye shina leo, kioo kipya naweza kukifunga jioni ileile kwa gundi nyeupe?

msasa400

Hapana mkuu. Kiyeyushi cha shina kitaendelea kutoka kwa saa nyingi, na njia yake mojawapo ni kupitia chumba cha rubani. Ukikifunga, mvuke unanaswa chini ya kioo na unaweza kukifanya kiwe na nyufa ndogondogo kama utando wa buibui. Shina leo, nyepesi kesho, kioo keshokutwa. Vipande vya shaba vya ndani vilivyowekwa supaglu navyo vipe saa 24 wazi, feni ikipuliza kidogo, kabla ya kufunika.

Na kabla ya kukifunga, puliza vumbi ndani na utazame chini ya taa ukiegemeza ndege pande zote. Unyuzi mmoja wa pamba kwenye ubao wa saa utauona kila siku.